Barua ya wazi kwa mnaoshika funguo za kumbi za umma: tupeni saa moja ya piano

Waheshimiwa mnaosimamia kumbi za umma, makumbusho na vituo vya utamaduni, pamoja na ninyi mnaokaa kwenye kamati za kupanga nani apewe ukumbi, siku gani na kwa bei gani, shikamooni.

Naandika hadharani kwa sababu barua za bahasha zimeshaandikwa, na mimi na wenzangu, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, zikaishia hapo. Mi ni mpiga piano na mwalimu wa piano hapa Dar. Nimepiga makanisani, hotelini, kwenye harusi, kwenye kumbi ndogo na kubwa, na tangu utotoni mpaka sasa kichwa kimejaa mvi, watu ninaoamka nao na kulala nao ni watunzi wa zamani wa Ulaya, akina Bach, Mozart, Beethoven, Schubert. Nawapenda, yaani kupenda kwenyewe, na sioni aibu kulisema mbele ya watu. Ninachowaomba ni kitu kimoja: saa moja ya mchana kwa wiki, piano ifunguliwe, mlango uwe wazi, watu waingie wasikilize.

Kuna ukumbi mmoja, jina naliacha, una piano kubwa ile ya kulala yenye miguu mitatu, piano ya konseti kabisa, yaani ya maonyesho ya muziki, ambayo ukiagiza mpya leo hela yake unajenga nyumba na uzio. Siku za semina inageuka meza, juu chupa za maji, maua ya plastiki, mara projekta. Kifuniko cha kii, vile vibao vya kubonyeza, kimefungwa, ufunguo anao mtu mmoja, na huyo mtu kila ukienda ametoka. Siku nilipobahatika kufunguliwa nilikaa nikapiga nota moja moja, taratibu, kutoka chini mpaka juu kabisa, nione zipi bado zinaongea. Za katikati zimeganda, ukibonyeza hazirudi. Juu kule nyuzi zina kutu. Panya wamechuna sufu ya kwenye nyundo wakajengea kiota humo humo ndani. Kwa kweli niliumia, maana ukipandisha kile kifuniko kikubwa unaona mbao bado nzima, fremu ya chuma bado nzima, hiki ni chombo cha kupona kabisa.

Naomba mnielewe hapa, piano sio fenicha. Ndani yake mna nyuzi zaidi ya 200 zimevutwa kwa nguvu ambayo ukiijumlisha yote inafika tani 15 na zaidi, muda wote, usiku na mchana, hata kama hakuna anayepiga. Sasa weka hicho chombo mji wa pwani kama huu wetu, joto, unyevu, chumvi ya bahari, ubao unavimba na kusinyaa, nyuzi zinalegea, na dawa yake ni mbili tu, fundi aje kuityuni, yaani kuzirudisha nyuzi kwenye sauti zake, mara kwa mara na watu waipige. Piano inayopigwa kila wiki mtu anajua mapema kii fulani imeanza kuganda, inarekebishwa siku hiyohiyo. Inayofungwa ili "isiharibiwe" ndiyo inayokufa.

Mtaniuliza kwani kuna haja gani, si kuna vibodi? Ni kweli, na mi mwenyewe watoto ninaowafundisha wengi wana vibodi vya Kariakoo vyenye kii 61, na sivibezi hata kidogo, kwanza piano za enzi za Mozart nazo zilikuwa na kii 61, oktavu tano basi, na ndani ya hizo oktavu tano mtu kaandika muziki ambao mpaka leo hatujaumaliza. Kwa hiyo idadi ya kii sio hoja. Hoja ni kwamba vibodi vingi vya bei ya chini ukibonyeza kwa upole au ukigonga kwa ngumi sauti inatoka ileile, na hawa watunzi wote maisha yao yalikuwa kwenye hiyo tofauti.

Niwape mfano mmoja ninaoujua kwenye vidole vyangu. Schubert, sonata yake ya mwisho ya piano, yaani kazi ndefu yenye sehemu kadhaa, aliimaliza Septemba 1828. Inaanza kama wimbo wa kanisani unaoimbwa na watu wachache jioni, mikono yote miwili inatembea pamoja taratibu, hamna papara, hamna kujionyesha. Halafu huo mstari wa kwanza unapokaribia kutulia, kule chini kabisa kwa mkono wa kushoto nota mbili zilizokaribiana zinatetemeka, sauti ndogo kabisa, mpaka unajiuliza umesikia au ni radi ya mbali, halafu muziki unasimama. Kimya. Kisha wimbo unaanza tena kama vile hakuna kilichotokea, lakini wewe msikilizaji umeshajua kuna kitu kipo kule chini. Hicho kitetemo nimekifanyia mazoezi miaka na miaka, uzito wa kidole ukizidi kidogo tu umeharibu, ukipungua nyundo haifiki kwenye uzi. Kwenye kibodi hakipo hicho kitu. Kwenye spika ya simu ndio kabisa, sauti za chini zile simu haizitoi. Mwanafunzi wangu anayekipiga kila siku nyumbani hajawahi kukisikia, na ana kipaji, na anaishi hapa hapa mjini, mwendo wa daladala moja tu kutoka kwenye ile piano iliyofungwa.

Na huyo Schubert nawaambia ana jambo na ninyi wenye kumbi. Aliishi Vienna, mji mkuu wa Austria, karibu maisha yake yote, kaandika mamia kwa mamia ya nyimbo, simfoni, sonata, na konseti ya hadhara ya kazi zake mwenyewe alifanya moja tu. Moja. Ilikuwa tarehe 26 Machi 1828, kwenye ukumbi wa chama cha wapenda muziki wa mji ule, watu wakajaa, ilifana. Tarehe 19 Novemba mwaka huohuo akafariki akiwa na miaka 31. Mi kila nikifika kwenye ile sonata nalifikiria hilo, kwamba mji uliojaa kumbi na majumba ya wakubwa ulimpa usiku mmoja. Sisemi wasimamizi wa Vienna walikuwa watu wabaya, nasema walikuwa na shughuli nyingine, kama ninyi mlivyo na shughuli nyingine, na nafasi ikapita.

Bach naye ndio kabisa, maana yeye barua kama hii yangu aliiandika. Alikuwa Leipzig, Ujerumani, tangu 1723, anasimamia muziki wa makanisa makuu ya mji, kazi ambayo halmashauri walimpa yeye baada ya wengine wawili, Telemann na Graupner, kushindikana. Agosti 1730 akaketi akawaandikia wakubwa wake wa halmashauri hesabu kamili, kila kwaya inahitaji waimbaji angalau 12, ikiwezekana 16, wapigaji ala wanahitajika kama 18 au 20, halafu akawaorodheshea vijana wa shule aliopewa: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, 17 hawafai kabisa. Yaani ameandika wazi hivyo. Mtu ambaye miaka michache nyuma amewapigia Mateso ya Kristo kwa Mathayo, kazi ya kwaya mbili na okestra mbili, anaomba waimbaji 12! Nikisoma habari hiyo nafarijika, na hapohapo nasikitika.

Lakini kuna wakubwa waliofanya vizuri pia, na hao ndio ninaowaombea muwe kama wao. Mwaka 1809 Beethoven alikuwa anataka kuondoka Vienna, kapata kazi kwingine. Watu watatu wenye uwezo, Rudolph ambaye alikuwa mwanafunzi wake, Lobkowitz na Kinsky, wakakaa wakaandikishana mkataba kumlipa florini 4,000, hela ya kule, kila mwaka, na sharti lao kubwa ni kwamba abaki kwao. Hawakumpangia aandike nini. Hela ile baadaye ilishuka thamani, Kinsky akaanguka kwenye farasi akafa, yakatokea ya kutokea, ila Beethoven alibaki Vienna mpaka kifo chake 1827, na kule ndiko, masikio yakiwa yameshafunga kabisa, alikoandika sonata zake za mwisho ambazo mi mpaka leo nikizifungua mkono unakuwa mzito kwa heshima.

Sasa najua kwenye vikao linakuja lile neno, kwamba huu ni muziki wa wazungu, wakoloni, sisi tuna vyetu. Tuna vyetu, ndiyo, na navipenda. Ila nendeni kanisa lolote lenye kwaya wakati wa Krismasi au Pasaka, mtasikia Haleluya ya Handel, kwa Kiswahili, sauti nne, watu wamejifunza kwa noti za sofa, zile za do re mi, bila kinanda hata, mama muuza samaki anaimba soprano kwa kichwa kurasa zote, na hakuna anayemwambia mama huyu anaimba vya watu. Handel alipoipiga mara ya kwanza kazi nzima yenye hiyo Haleluya, mjini Dublin, Ireland, Aprili 1742, mapato yalikwenda kuwatoa watu waliofungwa kwa madeni na kusaidia hospitali. Vilevile Unguja taarabu imekaa na fidla, selo, akodiani na kanuni, vyombo kutoka kila upande wa bahari, na ni yetu kwa sababu tumeipiga mpaka ikawa yetu. Beethoven mwenyewe ile sonata yake kubwa ya fidla, ya 1803, aliyepanda nayo jukwaani mara ya kwanza, Beethoven kwenye piano na yeye kwenye fidla, ni George Bridgetower, kijana ambaye baba yake alikuwa mtu mweusi. Wakaja kukosana, sonata ikapewa jina la mtu mwingine, Kreutzer, ambaye wala hakuipiga. Haya mambo hayafundishwi, na ndio maana tunaona kama tunabisha hodi nyumba isiyo yetu.

Mtu ninayetaka kumaliza naye hoja yangu ni mpiga piano wa Kiingereza, Myra Hess, na hapa naomba mnivumilie niseme kwa kirefu, maana yote ninayoyaomba yeye aliyapata.

Myra Hess alizaliwa London mwaka 1890. Mwaka 1907, ana miaka 17, akapanda jukwaani na konseto ya nne ya Beethoven, kazi ya piano na okestra, na kuanzia hapo hakuachana na hao wazee mpaka uzeeni, Bach, Mozart, Beethoven, Schumann, Brahms. Ule wimbo mtulivu wa Bach unaopigwa kwenye harusi nyingi bibi harusi akiingia, kwa piano, mpangilio wake maarufu ni wa huyu mama, ulichapishwa miaka ya 1920. Septemba 1939 Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaanza. Serikali ikafunga kumbi za starehe, usiku mji giza, watu na barakoa za gesi begani. Jumba kubwa la picha la taifa, National Gallery, pale Trafalgar Square, likabaki kuta tupu, picha zote zimepelekwa kufichwa mbali. Yeye alikuwa na safari ya kwenda kupiga Marekani, safari ya hela nzuri, akaifuta. Akaenda kwa mkurugenzi wa lile jumba, Kenneth Clark, na wazo la konseti za mchana, saa saba, watu wa maofisini wakiwa kwenye chakula. Mkurugenzi hakumwambia lete barua. Alimwambia kwa nini isiwe kila siku.

Basi tarehe 10 Oktoba 1939 mlango ukafunguliwa, kiingilio shilingi moja ya Uingereza, mpiga piano ni yeye mwenyewe kwa sababu hakuwa na uhakika na akaogopa kumwingiza mtu mwingine kwenye aibu. Walitegemea watu wachache. Walikuja kama elfu moja, mstari mpaka nje, makarani, askari, wengine wamekaa chini sakafuni. Na akawapigia nini? Bach, Beethoven, Schubert, Brahms. Watunzi wa Kijerumani na Kiaustria, katikati ya vita na Ujerumani! Na watu hawakuukimbia kwamba ni muziki wa adui, waliendelea kuja. Mabomu yalipozidi mwaka 1940 walishuka chini kwenye vyumba vya chini vya jumba wakaendelea kupiga. Palikuwa na sandwichi za asali na zabibu kavu zinauzwa pembeni, na hizo nazo watu walizisifia miaka mingi. Kila siku ya kazi, Jumatatu mpaka Ijumaa, miaka sita na nusu, mpaka Aprili 1946: konseti 1,698, wasikilizaji 824,152. Ziada ya hela ikaenda kwenye mfuko wa kusaidia wanamuziki wenye shida.

Mi nikizitazama hizo namba sioni tu mpiga piano hodari, namwona na yule mkurugenzi. Myra Hess bila Kenneth Clark angebaki nyumbani kwake na piano yake. Upendo wake kwa wale watunzi alikuwa nao tangu mtoto, lakini watu laki nane wameushiriki kwa sababu kuna bwana mmoja ofisini alikuwa na funguo za jumba lenye kuta tupu akakubali siku hiyohiyo. Na jumba lile halikujengwa kwa muziki, lilijengwa kwa picha, mwangwi wake ulikuwa mkubwa, piano ikaja ya kuletwa. Sisi wenzenu piano ipo ndani tayari.

Kwa hiyo ombi langu liko hivi. Jumatano, saa saba mchana, dakika 50 basi, ili mtu wa ofisini awahi kurudi kazini. Kiingilio shilingi 1,000, mwanafunzi mwenye sare bure. Msitupangie bei ya harusi, jamani, bei ya ukumbi wa harusi mpiga piano mmoja haiwezi hata akiuza hiyo piano. Ufunguo wa piano ukae mapokezi kwenye daftari, anayechukua anasaini, anayerudisha anasaini, iwe ni huduma kama huduma nyingine za jengo. Fundi wa kutyuni aingizwe kwenye bajeti kama anavyoingizwa fundi wa AC, na juu ya piano marufuku chupa ya maji. Asubuhi za Jumamosi, saa mbili au saa tatu hivi, kabla shughuli hazijaanza, waruhusiwe watoto wanaojifunza waje wapige kwa zamu na walimu wao, hata dakika kumi kumi, mtoto ashike kii zenye uzito wa kweli, asikie nini kinatokea akishusha kidole polepole.

Wala sisemi Jumatano zote ziwe za piano na za hao watunzi wangu. Wapo vijana wa fidla, wapo wazee wa taarabu wenye kanuni, zipo kwaya zinaimba vizuri kuliko mnavyodhani, wote waingie kwenye ratiba. Ila ya kwanza naomba niifungue mimi, bure, na programu nimeshaipanga. Naanza na priludi ya kwanza ya Bach, kipande kifupi, ile ya C, ambayo mtoto yeyote mwenye mwaka mmoja au miwili ya piano anaanza kuiotea, haina melodi ya kuimba, ni sauti tu zinafunguka moja baada ya nyingine, kila baa inasemwa mara mbili kama mtu anayetaka uelewe vizuri, na mi bado naipiga kila asubuhi kabla ya chochote. Inafuata sonata ya Mozart ya 1788, ile ambayo mwenyewe aliandika ni ya wanaoanza, na nitampisha mwanafunzi wangu aipige yeye. Halafu Schubert, sehemu ya kwanza ya ile sonata niliyowasimulia, nzima, na marudio yake, ili kile kitetemo cha chini watu wakisikie kwa chombo chenyewe, huyo mwanafunzi akiwa amekaa mstari wa mbele.

Fundi nimeongea naye, anasema zile kii zilizoganda ni kazi ya siku mbili, nyuzi za juu zitahitaji kuagizwa, sufu ya nyundo anayo. Yuko tayari kuja kuangalia siku yoyote ya kazi, gharama za ukaguzi najitolea mimi na wazazi wa wanafunzi wangu. Tunahitaji mtu wa kutufungulia mlango na ile piano, na jibu lenu la maandishi, hata la mistari miwili, linalosema ni Jumatano ipi.

Natanguliza shukrani.

Mpiga piano na mwalimu wa muziki,
Dar es Salaam